Koti Yenye Mfuko Kuume

Goma, tarehe 28 mwezi wa kumi, 2022

Juma hili nimepoteza koti ya baba yangu. Haikuibwa, haikuungua. Imekatwa kwa makasi yangu mwenyewe, juu ya meza yangu mwenyewe, na mwanamke niliyemupa kazi mimi mwenyewe. Niliitundika siku ya pili ya juma kwenye msumari nyuma ya mlango ipate hewa, sababu mvua ya mwezi huu inatia nguo ukungu. Leo siku ya tano nimeitafuta, nikakuta msumari peke yake.

Nikauliza: “Mukamurenzi, koti ya kahawia iliyokuwa hapa iko wapi?”

“Ile ya mwanamke?”

“Ya mwanamke gani?”

“Bifungo bililala kuume, mama Victoire. Na mufuko ya kifua ilikuwa kuume. Weye njo ulinifundisha.”

Ni kweli, nilimufundisha. Kazi yetu ni kununua makoti ya mitumba kwa balo, furushi zima zima, kuyafumua na kuyashona upya. Koti nzito ya mwanaume tunaiweka kwa bibi wa mjini anayetaka kitu ambacho mwenzake hana. Koti ya mwanamke, kitambaa chake chepesi, tunaikata kuwa makoti madogo. Bamama wa kanisa wametuagiza hamsini kwa batoto wa kambi ya Kanyaruchinya. Siku ya kwanza kabisa nilimwambia: angalia vifungo, upande wa kuume ukilala juu ya kushoto ni ya mwanamke, kata bila kuniuliza.

Lakini koti ya baba ilikuwa imegeuzwa. Baba alikuwa fundi Butembo, kwenye baraza la duka la mutu mwingine. Koti yake moja ilipofifia kwa jua, aliifumua yote, akageuza kitambaa ndani kikawa nje, akaishona tena. Nje ikawa mpya kabisa. Ila ukigeuza koti, kushoto inakuwa kuume: mfuko wa kifua unahama, vifungo vinafunga kama vya mwanamke. Muzee hakujali. Alivaa hivyo kwenye misa miaka kumi na tisa, akazikwa na suti ya kuazima ili mimi nibaki na koti.

Sasa koti hiyo ni koti ya mutoto, na Domitille, mkubwa wa bamama wa kanisa, alibeba fungu lote jana kwenda kambini.

Nilimwambia Mukamurenzi asije kesho. Alikunja aproni. Nikahesabu: makoti ishirini na tatu hayajaisha, na siwezi kuyamaliza peke yangu. Nikamwambia aje. Kama atabaki baada ya hayo ishirini na tatu, hilo sijaamua.

29/10

Mvua. Hatukusemezana. Makoti matatu.

30/10, siku ya Mungu

Kwenye barabara ya Rutshuru watu wanashuka tangu asubuhi. Magodoro, mbuzi, sufuria, bibi mmoja amebeba mlango. Mlango! Baada ya misa wanaume walisimama nje wakisema habari ya vita, na nani anasema lugha ya waasi. Mmoja akaniuliza kama bado nina yule wa Rugari, Mukamurenzi, kwenye atelie yangu. Nikamwambia nina mtu anayeshona matundu ya vifungo kumi na mbili kwa saa, na yeye ana nini?

Nilijibu hivyo sababu sipendi kuulizwa. Nikiwa peke yangu, nami nimekwisha kumuangalia mgongo akiongea Kinyarwanda kwenye simu, nikajiuliza anasema nini.

2/11

Nimemukamata Domitille mbele ya kanisa.

“Dada, ile ya kahawia ulimupa nani?”

“Victoire, nilikuwa na batoto kama mia tatu mbele yangu na makoti makumi mbili na saba mukononi. Bamama bananivuta huku, bananivuta kule. Unataka nikumbuke rangi?”

“Ilikuwa ya baba.”

Kisha: “Basi muzee anapasha mutoto joto. Uende uangalie.”

Domitille anapenda kumaliza mambo kwa sentensi moja. Mimi sijamaliza. Baba alipokufa, kaka yangu Kasereka alipewa nyumba. Alipewa mashine pia, naye hajui hata kutia uzi. Aliiuza kabla ya matanga kuisha. Mimi niliyekaa chini ya mashine ile tangu nikiwa na miaka sita, nikiokota pini, nilipewa koti. Nilikuja Goma nikiwa na koti hiyo mgongoni na makasi ndani ya mfuko wake wa kuume. Volkano ya elfu mbili na mbili ilikula mashine yangu ya kwanza, koti ikapona. Mwaka uliopita tulipokimbia volkano hadi Sake, niliacha balo mbili nzima nikachukua koti. Kila kitu nilicho nacho nimekitafuta mwenyewe. Hiyo tu ndiyo niliyopewa.

Mukamurenzi alisikia niliposimulia haya kwa mteja. Akasema bila kuinua kichwa, “Siku ya posho tutaenda kuitafuta. Mi naishi kule, najua hema.”

Siku ya sita, basi.

5/11

Tumeenda Kanyaruchinya kwa moto, pikipiki ya kukodi, sisi wawili nyuma ya dereva mmoja, mimi katikati. Nilikuwa na koti nyingine kwenye mfuko, ya buluu, mpya kabisa, ya kubadilisha. Nilikuwa nimepanga maneno yote.

Sikuwahi kuingia ndani ya kambi ile. Huwa napita tu barabarani. Hema za turubai zimesimama juu ya mawe meusi ya volkano, na mawe hayo hayakubali kigingi, kwa hiyo watu wamefunga kamba kwenye mafungu ya mawe. Kuna baridi ambayo kule chini mjini hatuijui. Mukamurenzi alinipeleka kwanza kwake: hema ya mita mbili kwa tatu, yeye na mama mukwe wake, kikongwe asiyeweza tena kutembea. Kikongwe akanishika mkono, akasema maneno mengi.

“Anasema nini?”

“Anasema njo weye ule mama mukali.”

“Nani alimwambia mimi ni mkali?”

“Mi.” Akacheka akiangalia chini, namna yake.

Tulizunguka. Makoti yangu nayajua kwa mbali kama vile mtu anavyojua batoto wake kwenye foleni ya shule: ya kijani, ya miraba, ile yenye kola ya manyoya. Kuona yakitembea kulinifanya nisahau kidogo hasira. Karibu na mabomba ya maji, Mukamurenzi akanigusa bega.

Mutoto wa kike, miaka kama sita, ameketi juu ya bidoo ya njano, dumu la plastiki, akingoja zamu ya maji. Kahawia. Mfuko kuume.

“Unaitwa nani?”

“Nishimwe.”

“Koti hii ulipata wapi?”

“Ni ya kwangu.”

“Najua ni ya kwako. Nauliza ulipata wapi.”

“Bamama ya kanisa.” Akashika kola kwa mikono miwili. “Iko na mufuko. Mufuko iko na muhindi. Unataka muhindi?”

Akanitolea punje nne za mahindi ya kuchoma, zimepoa, zina uzi wa kahawia. Nikazila. Ningefanya nini?

Nikapiga magoti nikaangalia kazi. Nakiri nilikuwa nikitafuta kosa. Mukamurenzi hakuikata ovyo. Alichukua mabega ya baba kama yalivyo, akayapunguza kwa ndani, mshono wa mkono wa baba bado uko pale, wa mshazari, wenye pengo dogo mwishoni sababu jicho lake la kushoto lilikuwa limekufa. Bitana aliirudisha. Kitu pekee: mikono mifupi, imefika juu ya kifundo cha mkono.

“Wewe uliona mshono huu?” nikamuuliza Mukamurenzi.

“Niliona. Nilisema, huyu fundi alikuwa mutu mwenye uvumilivu. Nikamuacha.”

Mama ya mutoto alifika mbio, bidoo nyingine kichwani, akidhani tumekuja kunyang’anya. Na kwa kweli ndivyo nilivyokuja. Nikatoa koti ya buluu. Yule mama akaipima kwa vidole viwili, akaangalia ya kahawia, akasema: “Hii ya buluu ni muzuri, mama. Lakini ile inafukuza baridi.” Hakuomba. Alinipa habari tu, kama mteja kwa fundi.

Nilikuwa na sindano kwenye kola, huwa ninayo. Nikamwambia Nishimwe anyooshe mikono. Nikafumua upindo, kulikuwa na sentimita nne na nusu zimekunjwa ndani, Mukamurenzi alizihifadhi bila kuambiwa. Nikaziteremsha, nikashona pale pale juu ya mawe, mkono mmoja mimi, mkono wa pili Mukamurenzi, huku mwenyewe anatukemea tusimuchome.

“Pasaka haitakutosha,” nikamwambia.

“Pasaka nitakuwa nyumbani,” akasema.

Koti ya buluu nilimuachia mdogo wake. Tulirudi chini bila kitu. Kwenye moto nililia kidogo nyuma ya dereva, na upepo ulikuwa mwingi, kwa hiyo si neno.

7/11

Koti nane. Mashine ya pili inakula uzi.

9/11

Makoti ya kanisa yameisha leo mchana. Nilikuwa natafuta namna ya kusema jambo lile la kubaki ao kwenda, na Mukamurenzi akanitangulia. Alileta mezani koti ya mwanaume kutoka fungu la vitu vilivyofifia, lile tunalouza kwa kilo kwa watu wa kujaza mito ya kulalia.

“Mama, nionyeshe vile muzee aligeuza.”

“Hiyo ni kazi ya mutu asiye na kitambaa.”

“Sisi tuko na kitambaa?”

Tukafumua. Saa nne nzima, kwa wembe. Kitambaa cha ndani kilitoka cheusi kabisa kama usiku usio na mwezi, wakati nje kilikuwa kama majivu. Nilikuwa nimesahau mikono yangu inajua. Mfuko ukihamia kuume, mdomo wake wa zamani unabaki na kidonda. Baba alikishona kwa nyuzi alizovuta kwenye kitambaa chenyewe, hadi huoni. Mimi nilianza hivyo. Mukamurenzi akanishika mkono.

“Usikifiche. Weka kitenge pale.”

“Nini?”

“Mufuko ilihama kuume. Pale kwa mudomo yake weka kipande cha kitenge. Batu baone kama koti iligeuzwa.”

Nilimwambia hilo ni kosa, si mtindo. Kisha nikaweka. Kisha nikaitundika, nikarudi nyuma hatua chache, nikaangalia. Kitenge chekundu kifuani kuume, vifungo vya kuume, kiuno tulichokaza kwa mikunjo. Nimeshona tangu nikiwa na miaka kumi na tano. Sijawahi kuona koti kama hii.

Hajaenda. Sijamwambia abaki. Kesho ana kazi, ndiyo yote.

12/11

Bibi mmoja wa mtaa wa Himbi aliiona, akaivaa, hakuivua. Dada yake anataka ya kijivu. Fungu la vilivyofifia lina makoti arobaini na moja. Siku zote hizi nimekuwa nikiuza dhahabu ya kujaza mito!

13/11

Mukamurenzi ananiita sasa “mukali” mbele ya wateja. “Ngojeni, mukali anakuja kupima.” Nimemuachia.

15/11

Tangu asubuhi milio mikubwa upande wa Kibumba. Vioo vya dirisha vinatetemeka, sindano kwenye kopo zinaimba. Saa moja Mukamurenzi hakufika. Saa tatu hakufika. Barabarani watu wa Kanyaruchinya wanateremka, kambi yote inatembea, na mvua juu yao. Nilisimama mlangoni nikiangalia makoti. Niliona ya kijani. Niliona ya miraba. Nilikuwa naangalia makoti sababu nyuso zilikuwa nyingi mno.

Saa sita nikaona chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, ikisukumwa na wanaume wawili, na juu yake, kati ya viazi, kikongwe amefunikwa turubai. Mukamurenzi nyuma, miguu mitupu.

“Mama, samahani kwa kuchelewa,” akasema.

Kwa kuchelewa! Nikamwambia nyamaza uingie. Nimetoa meza ya kupigia pasi, nimetandika makoti kumi na nne chini, kikongwe amelala juu yake kama malkia. Anasema kitu. “Anasema godoro yako iko na bifungo mingi,” Mukamurenzi akatafsiri.

16, 17, 18/11

Tunashona. Tunapika kwenye makaa nyuma. Milio imepungua. Kikongwe anatufumulia mishono akiwa amelala, vidole vyake havihitaji macho. Koti saba za kugeuza kwa siku tatu, na sijawahi kufanya kazi katika nyumba yenye kelele nzuri namna hii.

19/11

Papa Paulin, mwenye nyumba, alikuja. Hakuketi. Ni mtu mwema, hilo ndilo baya lake. Alisema kwa sauti ya chini.

“Mama Victoire, miye sina shida naye. Ni bajirani. Banasema nimeweka batu ya kule ndani ya nyumba yangu. Jana banaandika kwa mulango ya gereji.”

“Ni mshonaji na mama mzee asiyetembea.”

“Najua. Lakini kama banachoma nyumba, hawataangalia nani alikuwa anashona. Mutoe, ao mutoke wote.”

Nilitaka kumjibu kama nilivyomjibu yule wa kanisani. Jibu lilikuwa mdomoni. Nikaangalia mashine mbili, fungu la makoti, wateja wanaojua mlango huu tangu miaka tisa. Nikasema: “Nipe siku mbili nifikiri.”

Nyuma ya pazia mashine ya Mukamurenzi ilikuwa imesimama. Nilisikia imesimama tangu kabla sijajibu.

20/11

Wamekwenda, nikiwa misani. Makoti kumi na nne yamekunjwa, aproni juu. Koti ya kijivu ya dada yake bibi wa Himbi imeisha, imepigwa pasi, imetundikwa. Hakuacha neno. Angeandika nini? Aliomba nini, nikamnyima? Hakuomba kitu. Alisikia tu nikifikiri.

21/11

Papa Paulin alikuja kunishukuru. Sikumpa kiti.

22/11

Mvua.

23/11

Mvua. Koti moja. Mkono wake wa kushoto nimeuweka mara tatu, bado unavuta.

24/11

Wateja wawili wameuliza “yule mwingine” yuko wapi. Nimesema yuko. Sijui kwa nini nimesema yuko.

26/11

Domitille amewaona Mukamurenzi na kikongwe. Wamerudi Kanyaruchinya, hema yao ilikuwa imechukuliwa na familia nyingine, wamepewa kona. Shemeji ya Mukamurenzi aliyeko Uganda amempigia simu. Kuna kundi la watu wa Rugari litavuka mpaka wa Uganda siku ya pili ya juma, asubuhi, nao wako ndani ya kundi hilo. Domitille alisema haya huku anaangalia viatu vyangu. Kisha akasema sentensi yake moja:

“Miye niko na chumba ya mbele, haina mutu, na mulango yangu haiogopi maandishi.”

Nimeenda kuiona. Mita tatu na nusu kwa nne, dirisha linaangalia barabara. Mashine mbili zinaingia bega kwa bega, na kitanda cha kikongwe kando ya ukuta usiovuja. Mashine moja ikiwa peke yake, chumba kile kitakuwa kikubwa mno, na Domitille atakata nusu yake kwa binti wa saluni anayemsumbua kutaka kupanga tangu mwezi wa tisa. Nimepima mara mbili.

27/11, siku ya Mungu, asubuhi

Mukamurenzi, ukurasa huu ni wako. Nitaung’oa, Domitille ataupeleka akipanda na uji wa kanisa.

Siku ile sikukutetea. Sikukufukuza, lakini nilikuhesabu pamoja na meza na wateja, nikaomba siku mbili kumaliza hesabu. Wewe ulielewa kabla yangu. Papa Paulin nimekwisha kumrudishia ufunguo. Sikufanya hivyo kwa ajili yako tu. Siwezi tena kushona katika nyumba ile, mkono unavuta.

Sikuiti kwa huruma, huruma haishoni. Nakuita sababu ile koti yenye kitenge ulikuwa wewe na mimi, mmoja wetu peke yake hakuweza. Sitakupa kazi tena. Nusu ya meza, nusu ya makoti, na jina lako kwenye mlango wa chumba cha Domitille, kando ya langu, lisomeke kutoka barabarani. Wanaotaka kuandika wataandika chini yake. Nitakuwa nimeketi hapo.

Najua hapa si salama. Siwezi kukuahidi kwamba milio haitarudi, wala kwamba yule wa kanisani atafunga mdomo. Uganda huenda ni akili zaidi. Ukienda, nenda vizuri, nami nitamwambia mama mukwe wako kwaheri mimi mwenyewe mpakani, hata kama atanitukana kwa lugha nisiyoijua.

Lakini usinijibu “tutaona”. Usinijibu “Mungu akipenda”, yeye ana mambo yake. Usicheke ukiangalia chini. Kijana wa chukudu yuko hapa mlangoni na kamba zake, anataka kujua abebe mashine moja ao mbili, ya pili bila wewe nitaiuza, na Domitille anamjibu binti wa saluni leo. Domitille ataketi kwako hadi useme. Leo, kabla ya saa kumi na moja ya jioni, neno moja kwa mdomo wako: unakuja ao hauji?